Si kila ua ni pambo la nyumba



Leo sina habari ya siasa wala ya bei ya mahindi. Nataka kuzungumza nanyi juu ya paka na maua. Najua yupo atakayeguna na kusema, huyu bwana leo amekosa la kusema. Namwomba anivumilie kwa dakika hizi chache, kwa sababu jambo lenyewe lilinitokea mimi, katika mji wa mama yangu, na kosa lilikuwa langu.

Kwetu ni Nyansurura, mkoani Mara, upande ule wa Serengeti. Ni nchi ya mahindi, mihogo, ulezi na ng'ombe. Huko kwetu paka hafugwi kwa pambo. Hanunuliwi chakula dukani wala hana kitanda chake. Paka ana kazi, kama vile ng'ombe wa jembe alivyo na kazi. Kazi yake ni kulinda mahindi. Mahindi yakishavunwa, yakapukuchuliwa na kutiwa katika magunia, anayekesha nayo si mwenye nyumba, ni paka. Mama yangu ana paka mmoja wa kijivu mwenye mistari, na kwa miaka mingi sijaona gunia la mama lililotobolewa.

Sasa, siku moja nilikuwa natoka Mwanza kwenda kumsalimu mama. Nikapita kwa muuza maua wa kando ya barabara, nikaona mmea mmoja mzuri sana. Majani yake mapana, ya kijani, yamenyunyiziwa madoa meupe kama maziwa. Nikasema, mama amejengewa nyumba ya bati, ana sebule na viti vyake, kilichobaki ni ua la ndani kama wanavyofanya watu wa mjini. Nikanunua. Muuzaji hakuniambia jina la mmea ule, nami sikumuuliza. Nilichouliza ni bei tu. Nikafika nyumbani, nikaupanda katika kopo la rangi lililokwisha, nikauweka chini, kwenye kona ya sebule. Mama akafurahi, akawaita majirani waje waone.

Siku ya tatu, asubuhi, tukasikia mtoto wa dada yangu anapiga kelele. Kwenda kuangalia, tukamkuta paka katikati ya sebule, mdomo wazi, udenda unamtoka kama kamba, anatikisa kichwa na kujikwaruza mdomo kwa mguu wa mbele. Macho yamemtoka. Akimeza, anashindwa. Akilia, sauti haitoki.

Ndugu wasikilizaji, ninyi mnaotoka vijijini mnajua ni neno gani lilisemwa hapo. Jirani mmoja aliyekuwa mlangoni alisema mara moja: "Kichaa!" Hakuwa mjinga aliyesema hivyo. Katika vijiji vinavyozunguka Hifadhi ya Serengeti, kichaa cha mbwa si hadithi. Kampeni za kuchanja mbwa huko zimefanyika tangu miaka ya 1990, na zimefanyika kwa sababu watu walikuwa wakifa. Paka naye huupata ugonjwa huo akiumwa na mnyama mwenye nao, na dalili mojawapo ni hiyo hiyo ya kutokwa udenda na kushindwa kumeza. Kwa hiyo vijana walikwisha shika fimbo. Nami, nawaambia ukweli, nilikuwa mmoja wao.

Aliyetuzuia ni bwana mifugo, ambaye kwa bahati alikuwa kwa jirani akiangalia ndama. Alifika, akasimama mlangoni, akasema, "Asimguse mtu." Kisha akaomba tenga la kuku. Akamfunika paka kwa tenga lile, polepole, kwa kutumia mti mrefu, na juu ya tenga akaweka jiwe. Baada ya hapo akaanza kutazama sebule. Akaenda kwenye kona, akainama, akainua jani moja lililotafunwa ncha.

"Huu mmea umeletwa na nani?" akauliza.

Nikasema, "Ni mimi, bwana mifugo."

Akamgeukia mama. "Mama, pole. Inawezekana paka wako hana kichaa. Inawezekana ametafuna hiki. Lakini kwa kuwa hatuna hakika, atakaa humo siku kumi. Mpeni maji na chakula kwa kupitisha chini ya tenga kwa kijiti, wala mtu asitie mkono. Akiwa na kichaa, siku kumi hazitapita. Akiwa ametafuna mmea tu, kesho au keshokutwa mtamwona anakula."

Mama alinitazama kwa muda. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Mwanangu, umeniletea ua, au umeniletea sumu?"

Paka alipona. Siku ya pili alilamba maji, siku ya tatu alikula dagaa. Lakini ahadi ya siku kumi ilikuwa ahadi, akabaki chini ya tenga. Na katika siku hizo kumi, ndugu wasikilizaji, panya walifanya sherehe. Magunia mawili yalitobolewa chini, mahindi yakamwagika na kuchanganyika na mavi ya panya. Hapo ndipo nilipojua mshahara wa paka ni kiasi gani. Wengine katika hali hiyo hukimbilia sumu ya panya, na sumu hiyo humfuata paka baadaye anapomla panya aliyekufa. Sisi tulivumilia.

Baada ya hapo nilianza kuuliza na kusoma, na yale niliyoyapata ndiyo ninayotaka kuwagawia leo.

Ule mmea nilioupeleka unaitwa Dieffenbachia. Asili yake ni nchi za joto za Amerika, na jina hilo ni la Joseph Dieffenbach, aliyekuwa mtunza bustani wa mfalme katika jumba la Schönbrunn, mjini Vienna. Waingereza wameupa jina lenye maana ya muwa wa bubu, kwa sababu anayeutafuna huvimba ulimi na koo hata akashindwa kusema. Ndani ya majani na shina lake mna sindano ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, ambazo huchoma kinywa mara jani linapotafunwa. Kina mama watanielewa upesi nikisema hivi: ni jamaa wa magimbi. Aliyemenya magimbi mabichi anajua mikono inavyowasha, na aliyekula magimbi yasiyoiva anajua koo linavyokwaruza. Ni sindano za namna ile ile. Tofauti ni kwamba magimbi tunayapika.

Na ukoo huo ni mkubwa. Ule mmea unaotambaa, wenye majani kama moyo, ya kijani na njano, ambao watu wengi mijini huuweka katika chupa ya maji juu ya kabati, ni wa ukoo huo. Ule wenye majani makubwa yenye matundu, unaopendwa sana mahotelini, ni wa ukoo huo. Hata ule wenye vijani vinene vinavyong'aa kama vimepakwa mafuta, unaouzwa kwa bei kubwa Ulaya chini ya jina la Zamioculcas, ni wa ukoo huo, na asili yake ni hapa hapa Afrika Mashariki, Zanzibar ikiwemo. Yote hiyo haiui paka kwa kawaida, lakini humtesa. Na mahali ambapo watu wanaogopa kichaa, paka anayeteswa namna hiyo huuawa kwa fimbo.

Wapo na wabaya zaidi. Mbaya kuliko wote kwa paka ni yungiyungi lile la kwenye mashada ya harusi na ya Pasaka, lenye ua kubwa kama tarumbeta na vumbi la rangi ya chungwa katikati. Mbwa akilila, ataumwa tumbo. Paka akilila, hata jani moja, hata akijilamba tu vumbi lile lililomwangukia manyoya, hata akinywa maji ya chombo lililomo, figo zake hufa. Hutapika siku ya kwanza, hutulia kidogo watu wakadhani amepona, kisha hufa baada ya siku chache. Ukipewa shada lenye maua hayo na nyumbani una paka, lipeleke kanisani au mpe jirani asiye na paka. Usiseme nitaliweka juu. Hakuna juu kwa paka.

Kuna mtu ataniuliza: kwa nini paka adhurike kwa kitu ambacho mbuzi hula akaenda zake? Ni swali zuri. Paka ni mla nyama mtupu. Babu yake ni paka pori wa Afrika, ambaye mpaka leo yumo katika mbuga ya Serengeti, akila panya na ndege wadogo. Mnyama aliyeishi kwa nyama tangu zamani hakuhitaji ini lenye ujuzi wa kuvunja sumu za majani, na kwa kweli ini la paka limepungukiwa na baadhi ya vimeng'enya ambavyo wanyama wengine wanavyo. Ndiyo sababu pia, na hili nalisema kwa msisitizo, usimpe paka panadoli. Kidonge kimoja kinachomtuliza mtu kichwa kinaweza kumuua paka.

Lakini basi, kama ni mla nyama, majani anayatafunia nini? Paka wengi hutafuna nyasi kidogo, wa mjini na wa porini. Ni tabia yao. Paka wa kijijini ana nyasi tele nje. Lakini mvua ikinyesha, au akifungiwa ndani alinde mahindi, atatafuna kilichopo. Mimi nilimfungia paka ndani pamoja na Dieffenbachia, kisha nikashangaa.

Tutoke nje ya sebule kidogo. Kandokando ya miji yetu Kanda ya Ziwa tumepanda minyaa, ambayo wengine huiita manyara, na inasemekana Ziwa Manyara limepata jina lake kwa mmea huo. Ni uzio mzuri, ng'ombe hapiti. Lakini utomvu wake mweupe huunguza mdomo, na ukiingia jichoni ni hatari kwa mtu na kwa mnyama. Tuna mbarika, ambao mbegu zake zina sumu kali. Tuna lantana, iliyoletwa kutoka Amerika kama ua la bustani na sasa imejaa vichakani, na wafugaji wanajua inavyomfanya ng'ombe awe na ngozi ya kubabuka juani. Tuna lile ua la porini lipandalo juu ya miti, jekundu na njano kama moto, ambalo watoto hulichuma kuwapelekea mama zao. Mizizi yake hasa ina sumu ya kuua. Hiyo siwaambii mng'oe yote. Uzio ni uzio. Ninachosema ni kwamba mmea wa nje usihamishiwe ndani kwa sababu tu unapendeza.

Na hapa nisimsahau aliye mkubwa kuliko paka. Yule mtoto wa dada yangu aliyepiga kelele alikuwa na mdogo wake wa miezi tisa, anatambaa. Kopo langu la rangi lilikuwa chini, kimo cha mtoto. Siku hiyo paka alitangulia. Mama alilisema hilo jioni, kwa sauti ya chini, na hakuna aliyemjibu.

Sasa mtauliza, je, tusipambe nyumba? La hasha. Nyumba yenye mmea inapendeza. Jambo ni kuchagua.

Kwanza, mrehani. Panda mrehani katika kopo, weka dirishani. Unanukia, unatiwa katika chakula, na paka akiutafuna hapati kitu. Pili, asumini ile ya kweli, yenye ua dogo jeupe la kunukia. Tatu, waridi, ila miiba yake umwangalie mtoto. Nne, ule mmea wenye majani marefu membamba kama nyasi, kijani na mstari mweupe, unaoning'iniza vitoto vyake kwa kamba kama buibui anayeshuka. Huo paka huupenda sana, ataurarua, pengine atapika kidogo akizidisha, lakini hautamdhuru. Utundike juu, kwa usalama wa mmea, si wa paka.

Tano, nalo ndilo lililonifurahisha kuliko yote, ni ua la Usambara. Ni mmea mfupi, majani yake yana manyoya laini, na maua yake ni ya zambarau. Mwaka 1892, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona katika milima ya Usambara akalipeleka kwao Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Kutoka hapo lilienea dunia nzima. Leo mamilioni ya nyumba za Ulaya na Marekani zina ua hilo dirishani, na wenye paka huambiwa kuwa ni mojawapo ya maua yasiyo na madhara. Fikirini, ndugu zangu. Ua salama kuliko mengi limetoka Tanga, na mimi nilimpelekea mama yangu sumu ya Amerika. Tena huko kwao, katika misitu ya Usambara, ua hilo limekuwa adimu kwa sababu misitu imekatwa. Kwa hiyo msiende kulichimba msituni. Mkikuta lililooteshwa kwa muuza maua, nunueni moja tu. Ukichomeka jani lake katika udongo wenye unyevu, litaota, utawagawia na majirani. Liwekwe kivulini penye mwanga, na maji yatiwe kwenye udongo, si juu ya majani.

Na sita, mpandie paka nyasi zake mwenyewe. Chukua kopo, tia udongo, panda ngano kiganja kimoja. Baada ya wiki moja au mbili atapata cha kutafuna, na huenda mimea yako mingine akaiacha. Lakini tahadhari mbili. Usitumie mbegu za dukani zilizopakwa rangi, maana ile rangi ni ya dawa. Na usipande mtama. Wafugaji wa kwetu wanajua kwamba mtama mchanga una sumu inayomwangusha ng'ombe, sembuse paka.

Kabla sijamaliza, niseme la kufanya endapo yamekufika. Paka akitokwa na udenda, usiupige mbio uamuzi, wala usimwonee huruma kwa mikono mitupu. Ondoa watoto. Mfunike kwa tenga au umfungie chumbani. Tazama kama kuna jani lililotafunwa, ulihifadhi, umwonyeshe bwana mifugo. Usimlazimishe kutapika wala usimmiminie maziwa au mafuta kooni, weka maji karibu naye na atakunywa akiweza. Kama amekwisha kumuuma au kumkwaruza mtu, oshea jeraha hilo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa muda wa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulize chanjo. Hapo usingoje siku kumi za paka. Na wanapokuja kuchanja mbwa kijijini, uliza kama wanachanja na paka, umpeleke.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, ombi langu ni dogo. Unaponunua mmea wa ndani, uliza mambo mawili kabla ya bei: unaitwaje, na akiutafuna mtu au mnyama itakuwaje? Muuzaji akikuambia hajui, uache hapo hapo alipouweka. Kutojua jina ndiko kulikoniponza mimi.

Mama bado ana kopo lile la rangi kwenye kona ya sebule. Dieffenbachia tuliichimbia shimo nje, mbali na miji. Katika kopo sasa mna mrehani. Nilipofika mara ya mwisho nilimkuta paka amelala pembeni yake, na magunia yote yalikuwa mazima. Mama akaniuliza safari hii nimeleta nini. Nikamwambia, sukari.